Namba ya thamani isome mwisho: jinsi ya kuielewa ripoti ya uthamini wa nyumba unayokopea benki

Mteja wa benki akishikishwa ripoti ya uthamini, vidole vinakimbilia kurasa za mwisho kutafuta namba. Akiikuta kubwa anafurahi, akiikuta ndogo ananipigia simu kwa hasira. Mimi ndiye niliyeiandika. Kazi yangu ni kuthamini nyumba kwa ajili ya benki hapa Dar es Salaam, na katika ripoti zangu namba ndiyo kitu cha mwisho ninachoandika. Nakushauri nawe uifikie mwisho, kwa sababu kurasa zilizotangulia ndizo zinazosema namba hiyo ni ya nini hasa, na mara nyingine zinasema mambo yanayotosha kukufanya uachane na nyumba yenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu mwenye ripoti. Ada unalipa wewe, lakini ripoti imeandikiwa benki. Tazama ukurasa wa kwanza: jina la benki limetangulia, lako linafuata kama mwombaji wa mkopo, na madhumuni yameandikwa kuwa ni dhamana ya mkopo. Swali ambalo benki imeniuliza ni hili: huyu akishindwa kulipa, nyumba hii itauzika kwa kiasi gani? Hawakuniuliza kama bomba la jikoni linavuja, wala kama wewe na watoto mtaishi hapo kwa raha. Hayo ni yako kuyatafuta, na nitayarudia. Ripoti nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi, kwa hiyo usione haya kumwomba afisa mikopo akae nawe mpitie ukurasa kwa ukurasa. Omba pia nakala. Kuna benki zisizoitoa mpaka uombe.

Anza na hati, usianze na picha za sebule

Sehemu ya umiliki inachosha kusoma, ndiyo maana watu wanairuka. Utakuta namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, jina la mmiliki, matumizi yaliyoruhusiwa, tarehe umiliki ulipoanza na muda wake. Linganisha kila kitu na nakala ya hati uliyopewa na muuzaji, herufi kwa herufi. Jina la hati likiwa ni la marehemu baba na anayekuuzia ni mwana, uliza barua za usimamizi wa mirathi kabla hujauliza kingine chochote.

Muda wa umiliki unawapita wengi. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na miaka hiyo inahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye hati, siyo tangu siku unayonunua. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1996 inakwisha 2029. Ukitaka mkopo wa miaka 15 juu ya hati ya namna hiyo, benki itakuambia muuzaji akaongeze muda kwanza. Ni jambo linalowezekana, ila lina foleni yake, na deni la kodi ya pango la ardhi likiwapo lazima lilipwe. Afadhali foleni hiyo apange muuzaji.

Soma pia matumizi. Kama hati inasema makazi na nyumba ina vyumba kumi vya wageni na kibao barabarani, mthamini makini ataandika kwamba matumizi yaliyopo hayalingani na masharti ya hati. Ni sentensi moja tu, na huwa imejificha katikati ya aya ndefu.

Halafu kuna mstari wa anayekaa ndani ya nyumba siku ya ukaguzi. Mimi siku zote nauliza, na naandika nilichojibiwa: mmiliki na familia, wapangaji, au mdogo wake mmiliki. Ukiona wapangaji, uliza mikataba yao inaisha lini na kodi ya mwaka mzima aliichukua nani. Ukiona mmiliki na familia, kumbuka mke au mume. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na mwanasheria wa benki atakuuliza habari za mwenzi wako wewe. Nawe muulize muuzaji habari za mwenzi wake, kwani wapo wanaouza nyumba huku mama wa nyumba yuko kijijini na hana habari.

Ukuta si mpaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapolia.

Nilikwenda kukagua nyumba Madale, kwa mzee mmoja mstaafu, nyumba safi, uzio umepigwa rangi, maua mpaka getini. Nikasalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Baada ya maji ya kunywa nikamwambia naomba anionyeshe bikoni, zile alama zenye namba ambazo mpima huziweka kwenye kona za kiwanja. Akanyoosha mkono. "Bikoni za nini tena, si ukuta huo hapo?" Tukaanza kuzunguka na ramani mkononi. Bikoni ya kwanza tuliiona kwenye kona ya nyuma, namba yake inasomeka vizuri. Ya pili ilikuwa chini ya tofali za banda la kuku la jirani. Ya tatu tuliikuta ndani ya uzio wa mzee mwenyewe, katikati ya majani ya mchaichai, hatua kadhaa kutoka ukutani. Maana yake ukuta wa mbele na lile geti zuri vilikuwa vimesimama juu ya barabara ya mtaa. Mzee akaiangalia ile bikoni, akasema, "Basi fundi alinidanganya," akaenda kukaa kibarazani.

Kwenye ripoti niliandika ukubwa wa kiwanja kama ulivyo kwenye hati, nikaandika kwamba uzio wa mbele umevuka mpaka, na uzio huo sikuuhesabia thamani. Mnunuzi aliyesoma namba peke yake angeona tu kwamba nyumba imethaminiwa chini ya alivyotarajia. Aliyesoma sehemu ya eneo angejua kwamba siku halmashauri ikitaka barabara yake, geti linaondoka.

Kwa hiyo katika ripoti yako tafuta mambo matatu: ukubwa wa kwenye hati, ukubwa uliopo ardhini kama umetajwa, na maneno kama mthamini aliona bikoni. Ikiwa ameandika tu kwamba mipaka "imeonyeshwa na mmiliki", hajaziona. Mlipe mpima mwenye leseni akuhakikishie. Ada yake si kitu ukilinganisha na kesi ya mpaka.

Ripoti nyingi sasa zina namba za majira ya kijiografia, yaani namba za GPS zinazoonyesha mahali nyumba ilipo. Ziingize kwenye ramani ya simu yako, uone zinakupeleka kwenye nyumba uliyoonyeshwa. Kisha tazama picha iliyopigwa kutoka juu: mto uko wapi, barabara kuu iko wapi, kuna nguzo za umeme mkubwa? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Mji huu una Msimbazi, Mbezi, Tegeta na Mpiji, bila kuhesabu mikono yake inayokauka kiangazi ukadhani ni njia ya ng'ombe. Barabara nazo zina hifadhi, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa: kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara ya Morogoro ilikuwa na hifadhi pana zaidi, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121. Kama ukutani kuna alama ya X, ile ya kubomolewa, iliyopakwa chokaa juu yake, nenda nayo taratibu.

Jengo: alichokiona na alichokidhania

Sehemu ya jengo itaeleza msingi, kuta, paa, dari, sakafu, madirisha, idadi ya vyumba. Matofali ya saruji, bati la msauzi, dari la jipsamu, tailizi, madirisha ya alumini yenye grili. Inasomeka kama orodha ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yake kubwa ni kunisaidia kuchagua bei ya mita ya mraba. Wewe ipitie haraka, uhakikishe tu kwamba vyumba vinne vilivyoandikwa ni vinne kweli na kwamba picha ni za nyumba hiyo hiyo.

Penye kutulia ni hali ya jengo. Sisi tuna maneno yetu: nzuri sana, nzuri, wastani, inahitaji matengenezo. "Wastani" kwenye ripoti ya benki mara nyingi ni adabu. Ukiikuta, rudi kwenye nyumba na fundi wako. Mwambie atazame chumvi inayopanda ukutani karibu na sakafu, nyufa zinazokatiza kwa mshazari kwenye kona za madirisha, dari lenye madoa ya maji, mbao za paa zilizoliwa na mchwa, na chemba za maji taka zilizojaa. Mimi ukaguzi wangu haufiki saa nzima, sipandi darini, sifukui msingi, na nyuma ya makabati ya jikoni sioni kitu.

Hayo yote nimeyakiri kwa maandishi. Yako kwenye kurasa za dhana na mipaka ya uthamini, zile zenye maandishi madogo ambazo kila mtu anadhani zimenakiliwa kutoka ripoti nyingine. Nyingine zimenakiliwa kweli, lakini zisome. Utakuta: tumechukulia kwamba hati ni halali na haina deni wala zuio. Tumechukulia kwamba sehemu zisizoonekana ni nzima. Hatukupima udongo. Tumechukulia kwamba jengo lina kibali. Kila "tumechukulia" ni jambo ambalo mthamini hakulithibitisha. Chukua kalamu, zipigie mstari, halafu andika pembeni nani atakuthibitishia: hati na zuio ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kibali cha ujenzi ni halmashauri, msingi na paa ni fundi au mhandisi. Karatasi hiyo ikishajaa majibu, umeshajua nyumba unayonunua kuliko mimi niliyeithamini.

Sasa tuje kwenye namba

Mtu hutegemea namba moja, anakuta tatu au nne. Nitakuonyesha zinavyozaliwa, kwa mfano wa kubuni. Usizichukulie kuwa ni bei za mtaa wowote.

Nyumba inauzwa milioni 170. Kiwanja kina mita za mraba 600. Mthamini amepima soko la eneo hilo akaona mita moja ni shilingi 100,000, kwa hiyo ardhi ni milioni 60. Jengo lina mita 140, na kulijenga upya leo kwa kiwango hicho ni 650,000 kwa mita, jumla milioni 91. Lakini si jipya, anakata uchakavu wa asilimia 15, yaani milioni 13.65, linabaki milioni 77.35. Uzio, geti, simtanki na sakafu ya nje anaviweka milioni 9. Jumla 146.35, anaandika milioni 146. Hiyo ndiyo thamani ya soko.

Njia hii ya gharama ndiyo utakayoiona zaidi kwa nyumba za kuishi, kwa sababu kumbukumbu za mauzo halisi ni ngumu kupatikana kwetu. Madalali wanakutajia bei ya kuomba, si bei iliyolipwa, na baadhi ya mikataba ya mauzo inaandikwa bei ndogo ili kodi ipungue. Mthamini anakaa katikati ya waongo wawili, mmoja anapandisha na mwingine anashusha. Ndiyo maana ukitaka kuhoji ripoti, hoji sehemu mbili ambako maamuzi yake yamejificha: bei ya mita ya ardhi, na asilimia ya uchakavu. Ukubwa wa jengo unapimika, hauna ubishi. Nao upime, maana kibaraza kinaweza kuhesabiwa kama chumba.

Chini yake utaona thamani ya mauzo ya haraka. Hiyo ni pale benki inapopeleka nyumba mnada na haina muda wa kusubiri mnunuzi mzuri. Katika mfano wetu tuseme ni asilimia 75 ya thamani ya soko: milioni 109.5. Watu huiona wakadhani mthamini ametukana nyumba. Hapana. Lakini ni namba ya kukusaidia kufikiri: ukikopa milioni 116 na nyumba ikauzwa kwa haraka 109.5, deni linabaki na nyumba imekwenda.

Nyingine ni thamani ya bima. Hapa ardhi haimo, kwa kuwa ardhi haiungui. Ni gharama ya kujenga upya bila kukata uchakavu, kwa hiyo ni 91 na 9, milioni 100. Ukikatiwa bima ya moto kwa milioni 146, unalipia bima ya udongo kila mwaka. Ukikatiwa kwa 77, siku ya moto utapungukiwa. Angalia fomu ya bima benki watakayokupa imechukua namba ipi.

Sasa hesabu inayokugusa. Benki ikiwa inakopesha asilimia 80, haikopeshi asilimia 80 ya bei ya muuzaji inapokuwa juu ya thamani. Inachukua thamani. Wewe ulipiga hesabu hivi: asilimia 80 ya 170 ni 136, mfukoni nitoe 34. Ripoti imekuja na 146, asilimia 80 yake ni 116.8, kwa hiyo mfukoni utoe milioni 53.2. Umeongezewa milioni 19.2 ambazo hukuzipanga, na bado kuna ushuru wa stempu, mwanasheria na ada za benki. Muulize afisa mikopo mapema, kabla hata sijatumwa: asilimia yenu mnaihesabu juu ya thamani ya soko au ya mauzo ya haraka? Jibu la swali hilo linaweza kubadili nyumba unayotafuta.

Ikija chini ya bei

Kwanza usimpigie mthamini kumwomba "aongeze kidogo". Wanaotupigia ni wengi, wengine wanaahidi soda. Namba ikipandishwa kwa urafiki, anayekopa zaidi juu ya nyumba ile ile ni wewe, na riba ya ziada utalipa wewe kwa miaka yote ya mkopo.

Nenda kwa muuzaji na ripoti. Mwonyeshe ukurasa wa hesabu. Muuzaji huja na hoja ya gharama: jiko nimeweka milioni 12, dari limetoka nje ya nchi. Mjibu kwa heshima kwamba gharama aliyoitoa ni kwa raha yake aliyoishi nayo, na kwamba mnunuzi mwingine yeyote wa mkopo atakutana na mthamini kama huyu. Wauzaji wengi wenye haraka ya pesa hushuka hapo, si mpaka 146, lakini wanashuka.

Kama unaamini mthamini kakosea, andika barua kwa benki, si kwake. Weka ushahidi: mikataba ya nyumba zilizouzwa karibu na hapo miezi ya karibuni, kosa la ukubwa, chumba kilichosahaulika, hati ya kiwanja cha pili kilichounganishwa. "Nahisi ni ndogo" haisaidii. Unaweza kuomba mthamini mwingine kutoka orodha ya benki, na utalipa tena. Tazama pia ukurasa wa saini. Wathamini nchini wanasimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na wamesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Jina la aliyesaini na usajili wake viwepo, na malalamiko ya mwenendo wake yanapelekwa huko. Kama benki yako inataka ripoti ipitishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, hakikisha imepitishwa, la sivyo utasubiri fedha huku muuzaji akikusuta.

Usishtuke baadaye ukikuta namba nyingine tena wakati wa kuhamisha milki. Uthamini huo ni wa kodi na ushuru wa serikali, una madhumuni yake, na hauifuti ripoti ya benki.

Ukinunua ghorofani, sehemu ndani ya jengo la wengi, tafuta kwenye ripoti kama hati ya sehemu yako imeshatoka chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, au jengo zima bado liko kwenye hati moja ya mjenzi. Kama bado, muulize mwanasheria wa benki watasajili rehani juu ya nini. Soma pia kilichoandikwa kuhusu lifti, jenereta na ada ya matunzo ya mwezi, kwani ada hiyo utailipa sambamba na rejesho la mkopo.

La mwisho ni mpangilio. Ada ya uthamini hairudi hata mkopo ukikataliwa. Kwa hiyo upekuzi wa hati kwa Msajili ufanye kabla hujalipia mthamini, na siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe pale kwenye nyumba. Chukua nakala ya ramani, vaa viatu vya kukanyaga majani, na uombe muzunguke wote kutafuta bikoni. Hakuna mthamini atakayekukatalia, na muuzaji atakayekataa amekujibu.